Waliosimama Karibu na Mashine

Katika karakana ile ya samani palikuwa na mafundi wawili walioshikamana kama ulimi na mate. Mmoja aliitwa Kofia, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuuona utosi wake. Wenzake walitania kwamba hata mama yake alimzaa akiwa nayo kichwani. Mwingine aliitwa Chumvi, maana siku asipokuja kazini maneno yote yalikosa ladha.

Kazi yao ilikuwa kwenye mashine kubwa ya kupasulia mbao. Chumvi alisimama mbele akiusukuma ubao kwenye msumeno, Kofia alisimama ng'ambo akiupokea. Kazi hiyo haitaki mtu hodari peke yake. Inataka mtu ambaye pumzi yake unaijua. Hao wawili walijuana pumzi. Chumvi alikuwa na mazoea ya kusimulia visa katikati ya kelele za msumeno, mdomo ukimcheza kama wa kuku anayekunywa maji, na Kofia huko ng'ambo alicheka mpaka mabega yakatikisika.

Msimamizi wao aliitwa Futi, na si kwa sababu ya urefu tu. Alikuwa mwembamba, amenyooka, na kiunoni hakukosa futi ya chuma ambayo aliivuta na kuiachia kila alipokuwa akifikiri. Alikuwa mtu mwema wa aina ile isiyojitangaza. Kiti chako kikivunjika leo, kesho utakikuta kimeungwa, na ukiuliza nani kakiunga hutapata jibu. Ila kwa mambo ya moyoni Futi alikuwa na kifaa kimoja tu katika sanduku lake zima, nalo ni neno "jikaze". Uliyefiwa, jikaze. Uliyeachwa, jikaze. Neno hilo lilimfaa yeye tangu ujana wake, au ndivyo alivyoamini, na hakuona kwa nini lisiwafae wengine.

Asubuhi ya ajali karakana ilikuwa na oda ya madawati ya shule, na kila mtu alikuwa mbiombio. Futi alikuwa stoo akichagua mbao aliposikia mlio wa mashine ukibadilika, kama mtu aliyekabwa katikati ya neno. Kisha akasikia sauti asiyoitambua. Alipofika, mashine ilikuwa imekwisha zimwa. Kofia alikuwa ameketi chini kwenye vumbi la mbao, kofia imemdondoka, kipara kinang'aa kwa jasho. Chumvi alikuwa amepiga magoti mbele yake. Alikuwa amevua shati akaufunga nalo mkono wa kulia wa mwenzake, analikaza kwa nguvu zake zote, na alikuwa akisema maneno yale yale bila kupumzika: "Niangalie mimi. Usiangalie mkono. Niangalie mimi."

Wakampakia Kofia kwenye gari la mbao. Mwanamke aliyekuwa akisafisha karakana, ambaye wote walimwita Mama Usafi, aliinama peke yake chini ya mashine, akaviokota vidole, akavifunga kwenye kitambaa, akakimbia kumkabidhi dereva kabla gari halijatoka getini. Halafu akarudi, akachota maji, akaosha sakafu. Hospitali walijaribu walivyoweza, lakini vidole vitatu havikurudi mahali pake.

Kesho yake Chumvi alikuja kazini kama kawaida. Futi alimpiga begani kwa furaha.

"Mwanamume wewe! Bila wewe leo tungekuwa tunazungumza mengine."

Mafundi wakampa mkono mmoja baada ya mwingine. Chumvi akasema shati lile lilikuwa jipya, na Kofia akipona atamdai. Wakaangua kicheko. Wakaona yamekwisha.

Macho yote yakageukia hospitali. Walikwenda kwa zamu, wakapeleka maziwa na matunda, wakamsimulia Kofia habari za kazini. Ndivyo ilivyo duniani: mwenye bendeji ndiye apewaye pole. Aliyesimama kando akaona, huyo huulizwa tu ilikuwaje. Na Chumvi aliulizwa sana. Wateja walimwuliza, majirani walimwuliza, mpaka mwuza magazeti. Naye alisimulia, kwa kuwa kusimulia ndiyo sifa yake, hadi siku moja akanyamaza katikati ya hadithi, akavitazama viganja vyake, akaondoka na kumwacha msikilizaji mdomo wazi.

Mambo yakaanza kuharibika taratibu, kama ubao unaoliwa na mchwa: nje mzima, ndani unga. Alipopangwa kwenye mashine na fundi mwingine, alisema mgongo unamwuma, akaomba apewe msasa asugue viti nje. Msumeno ulipoanza kulia, alikumbuka ana kiu, akaenda bombani. Huko bombani hakunywa. Aliosha mikono, akaiosha tena, mpaka ngozi ikaanza kubabuka. Utani wake ukapungua, na ule uliobaki ukawa na miiba. Siku fundi mmoja alipoangusha ubao nyuma yake, Chumvi aligeuka kama umeme na nyundo ameiinua juu ya kichwa cha yule mtu. Hakupiga. Aliishusha akitetemeka. Lakini waliokuwapo waliona, na kabla ya jioni karakana nzima ilikuwa na maelezo yake. Wengine walisema sifa zimempanda kichwani. Wengine walisema anakunywa.

Bosi akamwita Futi ofisini. Bosi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye oda iliyochelewa, na hao wawili ni ndugu wa karibu.

"Huyu Chumvi siku moja atapasua kichwa cha mtu. Mpe onyo, au mwonyeshe mlango."

"Niachie mimi, bosi. Namjua. Nitamnyoosha."

Futi alisema hivyo kwa nia njema kabisa. Alikuwa amelifikiria jambo hilo na kupata jibu: dawa ya moto ni moto. Mtu akianguka kwenye ngazi, mpandishe ngazi hiyo hiyo kabla hofu haijaota mizizi. Basi akamshika Chumvi mkono, akampeleka mbele ya mashine.

"Kaka Futi," Chumvi akasema kwa sauti ya chini, "nipe mahali pengine popote. Nipe hata ufagio."

"Ukiikimbia leo utaikimbia maisha yako yote. Simama tu. Mimi mwenyewe nitapokea ng'ambo. Jikaze."

Akaenda kusimama pale alipokuwa akisimama Kofia. Akabonyeza swichi.

Msumeno ukaanza kuimba. Chumvi aliweka mikono juu ya ubao, lakini hakuusukuma. Uso ukamgeuka rangi ya majivu. Macho yake yalikuwa yamemwelekea Futi, ila si Futi aliyekuwa akimwona. Midomo ikaanza kucheza, na ingawa kelele zilifunika kila kitu, Futi aliyasoma maneno yale vizuri: niangalie mimi, niangalie mimi. Kisha magoti yakakatika, akateremka taratibu akiegemea mguu wa mashine, na suruali yake ikalowa mbele ya watu wote. Mtu mmoja alicheka. Alicheka peke yake, akanyamaza haraka.

Futi alipozima mashine na kuizunguka, Chumvi alikuwa amekwisha simama. Hakumtazama mtu. Alitoka getini na aproni yake kifuani. Kesho yake hakuja, wala wiki iliyofuata.

Futi alizunguka karakana siku hizo akiivuta futi yake na kuiachia, asipime kitu. Hatimaye akaenda hospitali kumwona Kofia, kwa kuwa hakujua aende kwa nani mwingine.

Kofia alikuwa kitandani, mkono umening'inizwa, kofia kichwani. Hakumpa nafasi hata ya kukaa.

"Chumvi yuko wapi? Wamekuja wote, mpaka wasionipenda. Yeye hajatia mguu."

Futi akamweleza yote, na alipofika kwenye habari ya mashine akaona uso wa mgonjwa unabadilika.

"Ulimsimamisha pale pale?"

"Nilidhani dawa ya moto ni moto."

"Dawa ya moto ni maji, Futi! Nani alikudanganya?" Kofia alitaka kuinuka, maumivu yakamrudisha. "Mimi mashine imenikata mara moja. Yeye inamkata kila siku, na nyinyi mnampigia makofi."

Futi akaketi. Alitazama chini, akaona kwamba mguu mmoja wa stuli ya wageni umelegea, akaanza kuutikisa.

"Acha hiyo stuli," Kofia akasema, sauti imelainika. "Kuna mama hapa hospitali, mnasihi. Anakuja kukaa na mimi. Mwanzoni nilidhani amekuja kunihubiria, kumbe anasikiliza tu. Mimi nimepewa mtu wa kunisikiliza kwa sababu nina jeraha la kuonekana. Nenda kamwone. Si kwa ajili yangu."

Mnasihi alikuwa mwanamke mnene, mpole wa macho, miwani imefungwa kamba shingoni. Chumba chake kilikuwa kidogo, kimepakana na dirisha la dawa, na viti vyake viwili vilikuwa na kimo kimoja. Alimsikiliza Futi mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Ulipompeleka kwenye mashine, ulimwuliza anahitaji nini?"

"Sikumwuliza. Nilimwambia."

"Basi ulianzia mwisho, kaka yangu. Sikulaumu, wengi huanzia huko." Akavua miwani. "Chukua mfano wa mlinzi aliyevamiwa na jambazi getini. Jambazi keshaondoka, lakini mlinzi sasa anampigia filimbi kila paka. Ukimchapa ngumi aache kupiga filimbi, atapiga zaidi. Mlinzi huyo yuko ndani ya mwili wa huyo ndugu yako. Anataka kuonyeshwa, kidogo kidogo, kwamba geti limefungwa na ufunguo anao yeye mwenyewe."

"Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka," Futi akasema polepole.

"Umeona? Ulikuwa unajua."

"Sasa nikamwambie nini?"

"Mwambie umemkosea. Halafu unyamaze. Nyinyi mafundi mnajua kupima; basi upime huo ukimya, uwe mrefu kuliko unavyoweza kuuvumilia. Usimtoe maneno kwa koleo. Akitaka kunena, atanena. Asipotaka, mwulize kama ukae au uende, na lifuatwe analotaka yeye."

Mke wa Chumvi alimfungulia Futi mlango kwa uso wa mtu ambaye hajalala vizuri muda mrefu.

"Karibu, shemeji. Ingawa sijui kama umekuja kwa heri."

"Nimekuja kuomba radhi."

Mwanamke akamtazama, akasogea apite. Kabla ya kumpeleka uani alimnong'oneza kwamba mumewe hawezi kuona kisu. Kwa hiyo yeye mke sasa hukatia vitunguu kwa jirani, na mtaa mzima unadhani amefukuzwa jikoni mwake. Alisema akicheka, na machozi yakamlengalenga hapo hapo.

Chumvi alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akisugua mguu wa meza kwa msasa. Mguu ule ulikuwa laini kama yai, hauhitaji tena msasa wowote, naye aliendelea.

"Nilikukosea," Futi akasema. "Sikukuuliza. Nikakudhalilisha mbele ya watu. Nimekuja kukuomba radhi."

Akanyamaza. Hakuwahi kufanya kazi ngumu kama ile. Maneno yalimjaa kooni kama watu mlangoni, yote yakitaka kutoka kwa pamoja, naye akayazuia. Msasa uliendelea kulia. Jirani aliita mtoto wake. Nguo kwenye kamba zilipepea zikatulia. Ndipo msasa ukasimama.

"Nilikuwa namsimulia kisa," Chumvi akasema bila kuinua kichwa.

Futi akaketi chini, karibu naye.

"Siku ile. Kisa cha bosi alivyokwama kwenye kile kiti kipya mbele ya wateja. Nilikuwa nimefika penye utamu. Kofia akaanza kucheka, mabega yakamtikisika, na hapo hapo..." Akaubana mguu wa meza mapajani. "Watu wananiita shujaa. Kaka, mimi ndiye niliyemkata. Mdomo wangu ndio uliomkata. Nikaangalie macho yake kwa uso gani hospitalini?"

Kila kitu ndani ya Futi kilitaka kusema si kosa lako, sahau, songa mbele. Lakini alikumbuka aliyoambiwa.

"Huo ni mzigo mzito," akasema, "na umeubeba peke yako."

Hapo Chumvi alilia. Alilia kama mtoto, bila kujificha, na Futi, asiyewahi kumwona mwanamume mwenzake akilia kwa karibu hivyo, akabaki ameketi pale pale. Mke alichungulia mlangoni, akarudi ndani taratibu.

Baadaye Futi aliuliza, "Ungependa nikufanyie nini?"

Chumvi alifikiri sana. "Nisiulizwe tena ilikuwaje. Na mtu yeyote."

"Hilo ninaliweza."

Na aliliweza. Siku iliyofuata aliwakusanya mafundi, akawaambia kwa maneno machache kwamba atakayemwuliza Chumvi habari za ajali, au kutania habari ya suruali, atazungumza na yeye. Kisha akaingia kwa bosi na kuomba Chumvi apewe muda wa kumwona mnasihi bila kukatwa mshahara.

"Na madawati je?" bosi akauliza. "Shule itakalia nini, huruma?"

"Bosi, mota ya mashine ikiungua tunaipeleka kwa fundi. Hatuipigi teke."

Bosi akakuna kidevu. "Kusema kweli mimi nimewahi kuipiga teke."

"Ikawaka?"

"Nikavimba kidole." Akacheka, kisha kicheko kikamkauka. "Ana hali mbaya kiasi hicho?"

"Ana hali mbaya, na sijui kama yuko peke yake. Mnasihi amesema yuko tayari kuja hapa azungumze na wote. Naomba tuzime mashine asubuhi moja tu. Na wewe uje ukae na sisi."

Wakakubaliana, baada ya mvutano. Mnasihi alipofika, karakana haikuwa na viti vya kutosha, basi watu wakaketi kwenye madawati ya shule yaliyokuwa tayari, watu wazima wenye ndevu wamejibana kama wanafunzi, bosi naye mbele magoti yamegusa kidevu. Chumvi hakuwapo; aliulizwa kama atakuja, akasema bado, na jibu lake likaheshimiwa. Mnasihi akawaambia hakuna atakayelazimishwa kusema, na anayetaka kutoka atoke bila kueleza sababu. Akaeleza kwamba ajali haimwumizi aliyekatwa tu. Humgusa aliyeona, aliyesikia, hata aliyesafisha.

Mafundi walitazama kucha zao. Ndipo sauti ikatoka nyuma kabisa, karibu na mlango, alikokuwa amesimama Mama Usafi na fagio lake, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aketi.

"Mimi nina swali. Mtu akiviokota vidole vya mwenzake, anawezaje kusahau joto lake?"

Watu wote wakageuka.

"Vilikuwa bado vina joto," akaendelea, akilishika fagio kwa mikono miwili. "Nilivua kitambaa changu cha kichwa nikavifunga. Nikaosha ile sakafu. Jioni nikaenda kupika, mikono hii hii. Hakuna aliyeniambia, mama, umeshindaje. Kila asubuhi nikifika naosha pale pale chini ya mashine kabla ya kuosha popote. Najua hakuna kitu. Nimeshaosha mara nyingi. Lakini siwezi kupita bila kuosha."

Futi alipita mbele ya mwanamke huyo kila siku. Alimwona akisugua pale, akasema moyoni, huyu mama anajituma. Sasa alitaka kwenda kwake, akainuka kwa pupa, na dawati likainuka pamoja naye, likiwa limemnasa mapajani. Mmoja akacheka, wengine wakafuata, mpaka Mama Usafi mwenyewe akacheka huku akijifuta macho kwa kanga. Labda kicheko hicho ndicho kilichofungua milango. Dereva akasema tangu siku ile hawezi kupita barabara ya hospitali, huzunguka. Mwingine akasema mkewe amelalamika kwamba anapiga kelele usingizini. Yule aliyekuwa amecheka siku ya suruali akasema hajui kwa nini alicheka, na kwamba analiona jambo hilo kila akifumba macho. Bosi akamtaka radhi Mama Usafi mbele ya wote, na sauti yake haikuwa ya mtu wa oda.

Tangu siku hiyo ile pembe ya chini ya mashine ilioshwa kwa zamu, na Mama Usafi akapewa nafasi ya kumwona mnasihi kama wengine. Zamu ya kwanza ya kuosha aliichukua Futi. Aliosha vibaya, Mama Usafi alilazimika kumwonyesha namna ya kukamua tambara.

Kofia alikuwa amerudi nyumbani wakati Chumvi alipokuja kumtafuta Futi.

"Nataka kwenda kwake. Twende wote. Usiseme neno, uwepo tu."

Walimkuta Kofia sebuleni akijifunza kufunga vifungo vya shati kwa mkono wa kushoto. Chumvi hakuketi. Alisema yote akiwa wima, kama mtu anayesomewa mashtaka na kuyajibu mwenyewe: kisa, kicheko, mabega, mkono.

Kofia alimsikiliza akiwa amekunja uso.

"Kisa gani?"

"Cha bosi na kiti."

"Chumvi, mashine ile ikiwaka mimi sisikii hata radi. Naweka vizibo masikioni tangu nilipoanza kazi."

Chumvi akamkodolea macho. "Lakini ulikuwa unacheka! Miaka yote ulikuwa unacheka!"

"Niliona mdomo wako unacheza, nikaona ni adabu kucheka."

Kisha Chumvi akaanza kucheka, na Kofia akacheka, na kicheko cha Chumvi kikageuka kilio katikati, kikarudi tena kuwa kicheko, mpaka akalazimika kuketi.

"Nisikilize," Kofia akasema, akamwekea mkono ule mzima begani. "Ubao ulikuwa na fundo. Uliruka ukanitikisa mabega, glavu yangu ikanaswa, ikanivuta. Sikuwa nakutazama wewe, nilikuwa nautazama ubao. Nimelijua hilo tangu siku ya kwanza. Ungekuja, ningekwambia siku hiyo hiyo. Nilikuwa nakungoja, ndugu yangu. Nilidhani umenichoka."

Mtu angedhani hapo ndipo mahali pa kumalizia, wote wamekumbatiana na kila jambo limekaa sawa. Futi naye alidhani hivyo, akarudi nyumbani akitembea kama amevaa viatu vipya. Lakini kichwa cha Chumvi kilikuwa kimeelewa. Magoti yake yalikuwa bado. Aliporudi kazini, msumeno ulipolia jasho lilimtoka vile vile. Mnasihi akamwambia Futi asishangae, ukweli huingia kichwani kwa siku moja, mwilini huingia kwa mwendo wake wenyewe.

Kwa hiyo wakapanga, na safari hii Chumvi ndiye aliyepanga. Alianza kwa nusu siku. Alichagua meza ya kuunganishia iliyoelekea mlango, kazi ya patasi, gundi na msasa. Aliomba kwamba kabla ya msumeno kuwashwa, mtu aliyeko pale apaze sauti, "Nawasha!" Na akaomba aruhusiwe kutoka nje bila kueleza, na akirudi asitazamwe. Mashine nayo ikafungwa kinga mpya, na glavu zikapigwa marufuku karibu na msumeno. Kofia aliporejea akapewa stoo, akipima na kuchagua mbao, mkali kuliko Futi alivyowahi kuwa.

Manung'uniko yalikuwapo. Fundi mmoja alisema kumbe ukitaka nusu siku ni kutetemeka tu. Futi alimsogelea.

"Badilishana naye basi. Chukua nusu siku yake, uchukue na ndoto zake."

Yule fundi akaona afadhali arudi kazini, gundi yake isikauke.

Chumvi hakurudi kwenye mashine. Bosi aliuliza mara mbili tatu atarudi lini, kisha akaacha kuuliza, hasa alipoona kwamba madawati yanayotoka kwenye ile meza ya mlangoni hayarudishwi na shule. Kulikuwa na siku ambazo alisimulia visa mpaka watu wakasahau kazi. Kulikuwa na nyingine ambazo hakufungua kinywa tangu asubuhi, na Kofia alitoka stoo, akaketi karibu naye, akanywa chai yake bila maneno.

Siku moja, katikati ya kazi, rundo la mbao liliporomoka nyuma ya karakana kwa kishindo. Chumvi aliweka patasi chini, akashika ukingo wa meza, akavuta pumzi kwa muda. Kisha akamwendea Futi.

"Kaka, leo haiko sawa. Naenda nyumbani."

"Nenda. Usindikizwe?"

"Hapana. Shemeji yako yupo nyumbani."

Akavua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya meza, akaondoka kwa mwendo wa kawaida. Hakuna aliyenong'ona. Mmoja alichukua dawati aliloliacha akaliwekea ubavu uliokuwa umebaki, ili gundi isikauke bure.

Kesho yake Chumvi alichelewa kidogo. Alipofika aliligeuza lile dawati huku na huku, akalikagua, akauliza kwa sauti kubwa ni nani aliyeligongelea ubavu juu chini.